Jiwe la Jasmaya na Mkutano wa Bwawa

Alfajiri, ukungu haujapanda kutoka bondeni, Jasmaya Budhathoki anafungulia maji ya mfereji. Gurudumu la mbao chini ya sakafu linaguna, jiwe linazunguka, unga wa ulezi unaanza kumwagika. Mkono uko kwenye unga. Sikio lake liko mlimani.

"Tangu watu wa bwawa watoboe ule ubavu wa mlima kupima mwamba, mawe yanaporomoka kila mara," anasema. "Wakijaza maji huku chini, miguu ya mlima italowa. Na sisi tumelala juu yake."

Jasmaya, mjane wa miaka hamsini na mbili, ndiye msagaji wa kijiji hiki cha milima ya Nepal. Ujira wake ni konzi ya unga kwa kila kibaba. Bwawa likijengwa, kinu kitazama. Nyumba za juu hazitahamishwa, na hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Mwezi uliopita watu wa mradi waliitisha mkutano wa maoni. Jasmaya alikwenda na maneno yake tayari. Lakini mbele kabisa alikaa Lokbahadur, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na kwa mila za huku mwanamke hasemi mbele ya shemeji mkubwa. Akavuta mtandio usoni. Wenzake nao vivyo hivyo, kila mmoja na shemeji yake.

"Basi kina mama wameridhika," akasema ofisa, akafunga mkutano.

"Eti tumeridhika!" anasema Phulmati, jirani wa Jasmaya, akishusha gunia kinuni. "Haya dada, kitendawili: mgeni akifika haondoki, mwenyeji ndiye anayehama."

"Bwawa. Nyamaza, unanitia baridi."

Mlangoni panaingia giza. Ni Lokbahadur na mahindi yake. Jasmaya anageukia ukuta. Tangu aolewe, wawili hawa huzungumza kupitia jiwe.

"Jiwe, mwambie mwenye mahindi asubiri zamu."

"Jiwe, mwambie msagaji mkutano wa mwisho ni kesho."

Jiwe linaguna.

"Jiwe, mwambie mwenye mahindi, mlima ukishuka hauchagui shemeji."

Mzee anakohoa. "Jiwe, mwambie kesho nitakaa nje, nyuma ya ukuta. Wazee wenzangu nitatoka nao. Lakini aseme kwa sauti, masikio yangu mabovu."

Anaondoka. Jasmaya bado anautazama ukuta, akijifuta unga vidoleni.

"Nitaanza na ule ufa uliofunguka mlimani, juu ya zizi," anasema. "Sauti ikikwama, Phulmati, nifinye."

"Nitakufinya mpaka ulie."

Huko juu kokoto zinateremka, kisha kimya.

"Nitasema yote," anasema Jasmaya polepole. "Ikiwa mlima utatungoja hadi kesho."