Fundi Aliyeogopa Sakafu

Fundi alikuwa jikoni anakoroga uji aliposikia ndoo ikibiringika bafuni, kisha kimya. Ni kile kimya kilichomtoa mbio, maana mumewe hakuwa mtu wa kuangusha kitu bila kukilaani. Alimkuta kakaa chini, kaegemea ukuta, taulo limemwacha nusu, macho hayataki kumtazama.

"Usiite mtu," alisema mumewe, Dereva. "Nipe mkono tu."

Akampa mkono. Akampa na wa pili. Akamshika chini ya makwapa, akavuta mpaka akaona nyota, na mzee hakusogea hata kidogo. Badala yake goti la Fundi ndilo lililolegea, naye akajikuta kakaa kando yake kwenye vigae vilivyolowa. Wakatazamana, wakaangua kicheko kama watoto. Halafu wakajaribu kuinuka, mmoja akimshikilia mwenzake, wakashindwa wote wawili. Kicheko kikawakauka.

Uji uliungua, na harufu yake ndiyo iliyomleta jirani, mchomeleaji wa mageti, aliyedhani nyumba inawaka. Aliwainua mmoja mmoja, macho kayaelekeza darini ili kumsitiri mzee wa watu.

Majina hayo ya Fundi na Dereva walipeana wenyewe ujanani. Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mume, dereva wa malori ya masafa marefu, alimletea suruali ya kupunguza. Aliirudisha mara kwa mara akidai bado ndefu, mpaka ikabaki kaptula, ndipo binti wa watu alipoelewa kwamba shida haikuwa suruali. Sasa walikuwa wazee. Dereva alipatwa na kiharusi kidogo kilichomwachia mguu mmoja mzito na mkongojo, na Fundi alibaki na cherehani yake dirishani, akiwashonea majirani mapazia.

Tangu siku ile ya bafuni Fundi hakuwa na raha. Masikio yake yalimfuata mumewe chumba hadi chumba. Mkongojo ukigonga sakafu, anatulia. Ukinyamaza, anasimamisha cherehani. Mzee akikawia chooni, yeye huyo mlangoni.

"Upo?"

"Nipo! Niende wapi humu?"

Binti yao, mwalimu, alipopata habari alikuja na vitabu vya wanafunzi bado viko kwapani. Alikaa kitini bila hata kuvua viatu.

"Mama, hii haiwezekani. Kwangu ni ghorofani, baba hataziweza ngazi. Lakini ipo nyumba ya kutunzia wazee, safi kabisa. Tungempeleka baba huko, wewe ukaja kwangu."

"Umtenge baba yako na mimi?"

"Sijasema kumtenga. Nasema siku nyingine jirani atakuwa kazini. Mtakaa hapo chini mpaka lini?"

Swali hilo hilo ndilo lililokuwa likimwamsha Fundi kila alfajiri. Alichoomba ni muda. Binti alikubali shingo upande.

Wiki hiyo Fundi alipokwenda zahanati kupima presha, muuguzi akamwambia kwamba ukumbi wa nyuma una darasa la wazee la kunyanyua vyuma. Fundi alidhani anataniwa. Vyuma, kwa mifupa hii? Alijiona kabanwa na chuma kama panya mtegoni, mshipa wa kichwa umepasuka, na Dereva nyumbani anaita bila wa kumwitikia. Hata hivyo miguu ilimpeleka mpaka kwenye mlango wa ukumbi.

Kocha alikuwa msichana mwembamba aliyefunga nywele kisogoni. "Shikamoo, bibi. Karibu. Umekuja kutafuta nini?"

"Marahaba. Nataka nguvu za kumwinua mume wangu."

"Ana uzito gani?"

"Kama kabati."

Kocha hakucheka. Alivuta kiti, wakakaa. "Bibi, nisikudanganye. Mtu mzima akiwa kalala sakafuni, hata mimi simvuti peke yangu, tutaumia wote. Ninachoweza kukufundisha ni wewe kuinuka, siku ukianguka."

Hilo silo lililomleta. Alirudi nyumbani kanuna, akatandika kitanda kwa hasira. Lakini siku ya darasa ilipofika, alivaa raba za mjukuu wake akaenda, kwani la kufanya jingine hakulijua.

Kwanza walimpima presha, kisha akapewa kiti: akae, asimame, bila kushika kitu. Akafanya kidogo tu, mapaja yakawaka moto. Pembeni yake alikuwa hakimu mstaafu, wote wakimwita Mheshimiwa, ambaye kila akinyanyua chuma alinguruma kama lori linalopanda mlima, na akikitua anatoa hukumu: "Mama yule amepinda mgongo. Hatia." Fundi alitamani kucheka ila alikuwa amebana pumzi.

"Pumua, bibi," kocha alimwambia. "Ukiwa unasimama, toa hewa. Usiizuie."

Wiki zilivyosonga akapewa vyuma vya mkononi, vidogo mwanzoni, baadaye vizito kuliko pasi yake ya zamani ya mkaa. Akafundishwa kuokota chuma sakafuni bila kukunja mgongo, na kupanda kibao na kushuka. Lakini nafsi yake haikuwapo pale. Simu aliifunga kwenye pindo la kanga, na kila walipopumzishwa alipiga nyumbani. Ikikawia kupokelewa, aliacha vyuma akaelekea mlangoni, simu iko sikioni.

Mchomeleaji naye hakumwacha. "Fundi, nasikia siku hizi unashinda kwenye vyuma. Unataka kuninyang'anya riziki?"

Asubuhi moja aliamka kifua kinamuuma upande, mkono hauendi juu. Akalala kimya akiitazama dari, jasho jembamba likimtoka. Ndiyo haya, alijisemea. Nimejiua kwa mikono yangu mwenyewe, na huyu anabaki na nani? Alimdanganya Dereva kwamba anakwenda dukani, akaenda zahanati moja kwa moja. Wakampima moyo, wakampima tena, daktari akambonyezabonyeza kifuani.

"Moyo wako hauna neno, mama. Hii ni misuli tu imechoka."

"Misuli?" Fundi aliuliza, kama mtu aliyeambiwa ana mimba.

Aliporudi ukumbini alikuwa na hofu mara mbili, ya sakafu na ya vyuma, na kocha akampunguzia uzito bila kumuuliza sana.

Kisha siku yenyewe ikaja, na haikutokea kule alikokuwa akiichungulia. Dereva alikuwa sebuleni salama salimini na redio yake. Fundi ndiye aliyekanyaga mafuta yaliyomwagika karibu na jiko. Mguu ukaenda zake, naye akaanguka kwa ubavu, kishindo kikatikisa vikombe.

Mkongojo uligonga mbio mbio. Dereva akatokea mlangoni, mdomo wazi.

"Fundi! Fundi wangu!" Alianza kuinama, mkono mmoja ukishika fremu ya mlango.

"Usinisogelee! Ukija na wewe chini, basi tena."

"Nimwite jirani?"

"Kaenda kufunga geti la watu. Simama hapo hapo. Niache nijikague."

Alilala akijisikiliza. Kiganja kilisogea. Nyonga iliuma, lakini mguu ulikunjika na kunyooka. Sakafu ilikuwa baridi na pana, na kutoka pale chini meza ilionekana mbali kama nyumba ya mtu mwingine. Akatoa hewa, kama alivyofundishwa. Akageukia ubavu usiouma. Akajisukuma kwa kiwiko, akawa kwa magoti na viganja, akatambaa taratibu mpaka kwenye kiti, akikwepa mafuta. Viganja juu ya kiti, mguu mmoja mbele, akasukuma.

Goti lilitetemeka, akarudi chini. Nyuma yake Dereva alitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu waoane.

Akabadilisha mguu. Akasukuma tena, akitoa pumzi kwa nguvu mpaka karibu angurume kama Mheshimiwa, na safari hii paja likakubali. Akasimama. Akageuka, akakaa kwenye kile kiti, mikono imelegea magotini.

Ndipo alipomwona mumewe vizuri. Mzee alikuwa kashikilia mlango kwa mikono miwili, mkongojo uko chini, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu.

"Nilikuwa nakutazama tu," alisema. "Kama gogo. Nakutazama tu."

"Sasa ungefanya nini?"

"Kila siku unaishi hivi? Kwa ajili yangu?"

Dereva akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Huyo kocha wako anapokea wanaume?"

Binti yao aliposikia yote aligombeza, akalia, kisha akaacha kuitaja nyumba ya wazee, angalau kwa wakati huo. Mchomeleaji alifunga vyuma vya kushikia bafuni na chooni. Na Dereva, ambaye hakupenda kuelekezwa na mtu tangu alipoacha usukani, alikwenda ukumbini.

Siku ya kwanza Fundi hakufanya zoezi lolote la maana. Kila mumewe alipojaribu kusimama, yeye alikuwa kashasimama pia, vyuma mkononi. Mwishowe kocha alikigeuza kiti cha Fundi kikaangalia ukuta.

"Huyu ni wangu sasa, bibi. Wewe fanya yako."

Akafanya yake, akiutazama ukuta uliobanduka rangi, masikio yote nyuma. Alisikia kiti kikilia. Alisikia Dereva akikitukana. Alisikia kocha akisema, "Taratibu, babu, tena," na Mheshimiwa akiahirisha kesi mpaka kikao kijacho.

Walirudi kwa miguu. Dereva alitangulia, mguu wake mzito ukiburuta vumbi, akilalamika kwamba mapaja yanawaka, akionekana kufurahia kulalamika. Fundi alimfuata hatua moja nyuma. Aliunyoosha mkono karibu na mgongo wa mumewe bila kumgusa, akauacha hapo hapo njia nzima, hata alipochoka.