Chupa Iliyokuwa Kwenye Begi la Kompyuta

Nikikumbuka siku ile natamani kujipiga kibao. Nilipotoka kwetu Mwese kwa miguu walisema nitarudi kuchunga ng'ombe wa watu, walisema diploma nitaisikia redioni. Nikarudi na diploma ya ugavi (iko ukutani, ndani ya fremu, njoo uione), nikajenga nyumba ya bati Mwamkulu, nikaoa, nikampata Brayani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeumbuliwa na chupa ya mtoto!

Brayani alikuwa na miezi minne, ananyonya tu. Nikaona mtoto wa msomi hawezi kula sawa na watoto wa mtaa mzima, nikaenda Mpanda mjini nikanunua kopo la maziwa ya unga, nikaliweka kwenye kabati la kioo wageni walione.

"Baba Brayani, nesi kasema miezi sita ni ziwa tu, hata maji hapana."

"Kwani huyo nesi ana diploma?"

(Anayo. Nilikuja kujua baadaye.)

Basi mke wangu akienda kupalilia mpunga, mimi nampa mtoto chupa kwa siri, na kwa kuwa kopo ni ghali, palipoandikwa vijiko vitatu natia kimoja, na maji ni ya kisimani, hata kuchemsha sikuchemsha. Mtoto akaanza kuharisha. Nikasema ni meno. Akapungua, nami kwa ubishi wangu nikaongeza chupa.

Siku ya kliniki nilivaa shati jeupe, nikabeba begi la kompyuta (kompyuta haimo, imo chupa, akilia nimpe nje). Mama aliyesindikizwa na mumewe hutangulizwa, kwa hiyo tukapita benchi zima la kina mama, nami nawapungia mkono kama mgombea. Brayani akaning'inizwa kwenye mzani. Uzito umeshuka.

Nesi akamgeukia mke wangu. "Wewe mama, unampa nini huyu mtoto? Uji?"

"Simpi kitu, nesi. Ziwa tu."

"Mnatudanganya nyie! Mtoto macho yameingia ndani namna hii?"

"Kutwa yuko shambani huyo," akadakia mama mmoja benchini.

Mke wangu akaanza kulia. Na mimi, mwenye diploma, nikaangalia dari.

Hapo ndipo Brayani alipoharisha akiwa hukohuko juu, shati langu likapokea yote, nikafungua begi kwa pupa nitafute kitambaa, chupa ikadondoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa nesi, maziwa ya jana yamo. Kisha bibi mmoja akasema, "Kumbe anayenyonyesha ni baba!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wacheke! Hasira yangu si kwa kicheko chao. Mke wangu hakucheka wala hakunigombeza, alisema neno moja tu njiani: "Ulinyamaza."

Brayani alipewa dawa, akarudi kwenye ziwa tu, na mwezi uliofuata uzito ulipanda. Siku hiyo walipotutanguliza nilikataa, tukakaa mwisho, na zamu yetu ilipofika nilisimama mbele ya benchi lilelile nikasema mke wangu hakudanganya, aliyedanganya ni mimi. Nadhani deni hilo nimelilipa.

Kopo bado liko kabatini, tunawekea chumvi. Mgeni akiliulizia, mke wangu ndiye anayesimulia, mwanzo mpaka mwisho, na mimi namtazama usoni. Dari siangalii tena.