Mikunjo ya Umugwaneza

Saa moja na nusu asubuhi, Masisi Centre, mashariki mwa Kongo. Ukungu bado umeatamia milima kama kuku juu ya mayai, na Wivine Kataliko ameshatoa amri yake ya kwanza ya siku.

"Mama, shika majivu."

Mteja anashangaa. Amesuka nywele, amevaa kikwembe, kitenge kipya, halafu anapewa kipande cha karatoni kilichopakwa majivu akishike chini ya kidevu.

"Hii njo nini, dada? Mimi nilikuja ku foto, sikukuja Jumatano ya Majivu."

"Shika tu, mama. Ya pili utapigwa bila hiyo."

Mama anacheka, Wivine anabonyeza. Ndivyo anavyowapata wote wakiwa wanacheka.

Wivine, miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Butembo, anafanya kazi nyuma ya duka la vikwembe la kaka yake Isidore. Ana kamera moja, kompyuta moja, na paneli moja ya sola juu ya mabati. Anapiga arusi na ubatizo kama wapiga picha wengine. Lakini vita vimemletea kazi nyingine isiyo na jina: kukutanisha kwenye picha moja watu ambao barabara imekataa kuwakutanisha.

Mmoja yuko huku Masisi, mwingine kule Walikale, na katikati kuna msitu, vizuizi na bunduki. Faustin, mpiga picha wa Njingala, huko Walikale, njia ya kwenda machimbo ya Bisie, anampiga picha yule wa kule na kuituma kwa mtandao. Wivine anampiga wa huku. Kisha anawaketisha kwenye benchi moja ndani ya kompyuta.

Mwanzoni watu walikaa pamoja lakini rangi zao ziligombana. Faustin alikuwa akipigia picha chini ya bâche, turubai la kijani, na wateja wake wakatoka kijani kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wa Masisi, kwa sababu ya ukungu, walitoka wamepauka. Isidore alipoona mume na mke wa kwanza kuunganishwa, aliuliza, "Wivi, huyu mama aliolewa na kinyonga?"

Kompyuta inahitaji kuonyeshwa kitu kisicho na rangi, ndipo ijue rangi za vingine. Wivine akafikiria kitu cheupe, na Masisi ukifikiria kitu cheupe unafikiria fromage. Akaweka duara zima la jibini mbele ya bwana na bibi arusi, akapiga, akaiambia kompyuta: hii ni nyeupe.

Sasa, jibini ya Masisi ina umanjano wake. Kompyuta ikatii, ikaondoa umanjano kila mahali, na arusi nzima ikatoka ya bluu, hata padri naye. Isidore akaila ile fromage, kesi ikaisha.

Jibu alilipata jikoni. "Majivu haiko nyekundu, haiko bleu," anasema Wivine. "Njo kitu peke yake mu Masisi haina upande."

Akapaka karatoni moja majivu na gundi ya unga wa muhogo, akaikata nusu kwa nusu. Nusu moja alibaki nayo, nyingine ikafika kwa Faustin ndani ya mzigo wa mfanyabiashara aliyepanda ndege Goma. Picha iliyomchukua siku mbili sasa inamchukua dakika arobaini. Anatoza faranga elfu kumi, na kwa wakimbizi elfu tatu au sahani ya maharagwe.

Rangi ikapona. Kilichomfundisha kazi kwelikweli ni ngozi.

Mwaka jana alikuja Mukandayisenga, mkulima wa Kingi aliyekimbilia kambi ya Lushebere na baba yake, Papa Sebarenzi, mzee wa miaka sabini na nane. Mdogo wake, Umugwaneza, anapika na kuuza chakula Njingala. Ana miaka saba hajarudi.

"Papa anataka kutuona sisi bote wawili mu foto moja," alisema Mukandayisenga. "Masikio yake ilikufa, simu haimusaidie kitu."

Dada hao wawili walivaa vikwembe vya kitambaa kimoja, wakapigwa picha kila mmoja kwake. Wivine akataka kumpa mzee zawadi. Alipomaliza rangi akaanza kuipiga pasi ngozi. Akafuta jasho la Umugwaneza, mifuko chini ya macho, mikunjo ya paji la uso, na mvi zilizochungulia pembeni mwa kitambaa cha kichwa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye moshi wa jikoni wa miaka saba usoni, akatoka na ngozi kama ya yai.

"Nilijivuna," anasema. "Nikasema, leo papa atalia."

Papa alilia kweli. Aliishika picha muda mrefu, kisha akamuuliza Mukandayisenga, "Mutoto wangu alikufa lini?"

"Papa! Iko muzima!" alipiga kelele kwenye sikio lake.

"Hii njo sura aliondoka nayo. Mulichukua foto ya zamani mukaibandika hapa. Muntu muzima anakaa miaka saba bila kuzeeka? Munanificha."

Haukuwa wazimu. Huko habari ya kifo haimwagwi mbele ya mzee kama maji. Inafichwa mpaka apate nguvu. Kifo cha mwanawe wa kiume alifichwa miezi mitano. Alijua nyuso za watu wanaoficha zinavyokuwa.

Akaigeuza picha ikatazama ukuta. Siku ile hakugusa ugali. Kesho yake akaomba aitiwe mkatekista, wamwombee marehemu.

Mukandayisenga akashuka hadi dukani. "Dada Wivine, umeniulia mudogo wangu."

Wivine akafungua kompyuta kutafuta picha ya kwanza, ile yenye mikunjo. Haikuwepo. Alikuwa ameihifadhi mpya juu ya ya zamani, na Faustin kule alishafuta ya kwake. Akampigia. Mtandao wa Njingala ulikuwa umekufa.

Siku nne. Mzee alikunywa uji kidogo, akakataa vingine vyote.

Mtandao uliporudi, Faustin alikimbia hadi jikoni kwa Umugwaneza, akamkuta na mwiko mkononi.

"Papa anasema nilikufa?" alicheka, kisha akaweka mwiko chini. "Ngoja basi nitoe kitambaa, aone mvi. Na uje karibu, kaka, karibu kabisa."

Safari hii Wivine alisawazisha rangi kwa majivu, akachapisha picha kubwa, na hakugusa kitu kingine hata kimoja. Aliipeleka Lushebere mwenyewe kwa miguu.

Papa Sebarenzi aliisogeza mpaka pua ikagusa karatasi. Kidole kikatembea juu ya paji la uso la binti yake, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikafika kwenye mvi, kikasimama.

"Eh! Amezeeka!" Mzee akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Angalia, anafanana na mama yake! Amezeeka kabisa! Mukandayisenga, chakula iko wapi?"

Leo, juu ya kompyuta ya Wivine, ukutani pameandikwa kwa makaa: *Chunusi, toa. Miaka, acha.* Na kila picha ya kwanza inalala kwenye flashi mbili za USB kabla haijaguswa.

Si wote wanafurahi. Mteja wa asubuhi ameona uso wake kwenye kompyuta, amekunja midomo.

"Dada, mimi njo nalipa. Nitolee hii mikunjo."

"Mama, uko na muntu kule Walikale?"

"Niko na bwana yangu."

"Basi acha akuone."

Mama ameitazama tena picha. "Acha," amesema taratibu.

Nje ya duka kuna benchi jipya la watu watatu, ambalo Wivine alimtengenezesha Polycarpe seremala. Kila anayetaka kulikalia anafukuzwa. Linangoja siku barabara itakapofunguka: Papa Sebarenzi katikati, binti huku na binti huku, klik moja, bila kompyuta.

"Papa ananiambia tufanye mbio," anasema Wivine, akilifuta umande kwa kiganja. "Anasema bila hivyo, mutoto wake atamupita uzee."