Taa ya ABS, sensa ya gurudumu na deheni ya mzee wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Leo naleta kisa changu mwenyewe, bila chumvi hata punje. Anayedhani ni chai, gari lipo Kisimayu, aje aikanyage breki mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, Mbajuni, nimekulia Mombasa. Kule nilikuwa fundi simu. Tuliporudi huku Kisimayu na mzee wangu, yaani baba, nikapata Noah kuukuu, nikaanza kuwapeleka watoto saba wa mtaani chuo cha Kurani kila asubuhi. Gari lenyewe lina umri wa kuoa, lakini nalipenda.

Siku moja taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, ikawaka kwenye dashibodi. Nikaipuuza, kama mnavyoipuuza nyinyi. Msinikatalie.

Wiki ile ile nakaribia chuoni, mwendo wa pole kabisa, nakanyaga breki, pedali inatetemeka chini ya mguu na gari linazidi kwenda. Tukasimama ndani ya lundo la makuti. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila watoto walipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka.

Kesho yake hakuna mtoto aliyekuja.

Jirani yangu, Mama Zubeda, alinifuata mlangoni kwa adabu zake zote: "Dada, wewe twakuamini. Gari ndilo hatuliamini." Yaliniuma, kwa sababu alikuwa na haki.

Nikaenda gereji. Fundi akachomeka skana, ikasema sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Akafunga nyingine ya mtumba. Taa ikawaka tena kabla sijafika nyumbani. Nikarudi, akakuna kichwa, akaniita dada kwa Kisomali: "Abaayo, pampu ya ABS imekufa. Chomoa fyuzi, endesha hivyo hivyo."

Najua hata humu wapo watakaoniambia nichomoe fyuzi. Sawa, breki za kawaida zingefanya kazi. Lakini wale mama wa watoto ningewaambia nini? Kwamba ugonjwa upo, taa tu ndiyo nimeizima?

Nikatoa mita yangu ya kupimia simu.

Wakuu, sensa za magari haya ya zamani hazina uchawi. Ni koili na sumaku, na mbele yake inazunguka ringi yenye meno. Gurudumu likizunguka, sensa inatoa umeme kidogo, kompyuta inajua mwendo. Umeme ukiwa hafifu, kwenye mwendo mdogo kompyuta inadhani gurudumu limekwama, inaachia breki. Ndiyo ile pedali kutetemeka.

Nikapiga jeki. Koili nzima, nyaya nzima. Nikazungusha gurudumu la kulia kwa mkono, mita ikapanda vizuri. La kushoto, kasi ile ile, mita inajikongoja. Hapo nikajua sensa haijafa, imekaa mbali na meno.

Nikaichomoa. Pale inapokalia pana gamba jeupe, gumu, nene kama ukucha.

Nililijua mara moja. Deheni!

Kwa msioijua, ni chokaa iliyopondwa na mafuta ya mnyama, hupakwa tumbo la mashua lisitobolewe na wadudu wa baharini. Mzee wangu ni fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Chovai, na huku kwetu chumvi inakula vyuma. Siku nilipobadilishiwa beringi ya gurudumu lile, sensa ikiwa nje, yeye akaona nafasi ndiyo hiyo, akalipaka gari chini lote kwa mapenzi yake. Sensa ikafungwa juu ya deheni. Ile ya mtumba nayo ikakalishwa pale pale.

Alikuwa kibarazani ananitazama. Nilifikiria kumficha, nikaona hapana, mzee anapenda ukweli. Nikamwonyesha. Akaligusagusa lile gamba, kisha kwa Kibajuni chake, ambamo mtu ni "mchu", akasema:

"Kumbe mchu alokuvundia gari ni mimi."

"Baba, chini kote hakuna kutu hata chembe," nikamwambia. Na ni kweli, hakuna.

Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha sensa, ikakaa sawasawa. Nikazungusha gurudumu, mita ikalingana na ya kulia. Nilipoliendesha kidogo, taa ikazimika. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Asubuhi yake nikawaita wale mama waje waone nikifunga breki. Mzee naye akaja.

Sasa jueni kitu kimoja. Mashua yake mpya ikishushwa majini, wa kwanza kupanda ni yeye. Hajawahi kumwachia mtu, hata mwenye mashua. Kwa hiyo nikamfungulia mlango wa mbele.

Hakupanda. Alirudi nyuma, akawazuia na wale mama kwa mkono. "Ngojani. Mchu aloiunda ndiye hupanda kwanza."

Nikapanda peke yangu. Nikaenda, nikarudi, nikafunga breki mbele yao mara tatu, gari likatulia pale pale. Machozi yalinitoka na sioni haya kuyasema. Mama Zubeda ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpandisha mwanawe.

Nilichojifunza: skana itakuonyesha gurudumu, sababu utaitafuta mwenyewe. Kabla hujanunua sensa mpya, chungulia inapokalia.

Mwenye swali au ubishi, uwanja ni wenu. Ila mzee wangu msimguse. Gari bado analipaka deheni yeye, na siku hizi kabla hajachovya kitambaa huniita: "Fundi, njoo ufunike sensa zako."