Vidole vya Fundi Baiskeli

Kutwa swali lilikuwa lile lile: gia za Shimano au za SRAM, zipi bora za milimani? Fundi baiskeli alilijibu bila kuinua kichwa. "Zote zinapanda. Anayechoka ni mwenye miguu." Kisha alikuwa akipangusa dole gumba kwenye aproni, akibonyeza gia ya Shimano usukanini, akibonyeza ya SRAM, akitega sikio. Siku moja alikuja dada wa mashindano ya baiskeli, akataka kujua ipi nyepesi kidoleni. Fundi akabonyeza hii, akabonyeza ile, akarudia, macho kayafumba.

"Vipi, fundi?"

Akashusha pumzi. "Dada yangu, nisikufiche. Zamani ningekwambia hata nikiwa usingizini. Siku hizi vidole vimekufa ganzi, nasikia mlio tu. Hebu bonyeza wewe."

Dada akazijaribu polepole. "Hii ni laini. Ile inagonga kidole kila inapoingia, lakini ndiyo ninayoiamini."

"Bado inagonga?"

"Inagonga."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akauangalia mkono wake mwenyewe. "Basi nitakufungia hiyo," akasema. "Lakini bonyeza tena kwanza, unieleze inavyogonga."