Mpunga wa Mfiwa

Chama chetu cha akina mama wafanyabiashara pale Ifakara kilikuwa na sheria nyingi za kitoto na moja ya maana: mpunga wetu haukai kwenye magunia. Kila mmoja alileta wake, ukamwagwa kwenye sakafu ya ghala, ukawa lundo moja la kungoja Januari bei ipande. Hakukuwa na gunia lenye alama, kwa hiyo hakukuwa na wa kuja mwezi wa tisa kuchukua chake kwa sababu mume kamkera au kuna harusi. Siku ya kugawana tungepima kwa debe, kila mtu kwa kadiri alivyoleta. Tulijiona wajanja kupita kiasi.

Mimi nilikuwa mpimaji. Kazi yangu ilikuwa kuchota punje kwenye kila gunia na kuzing'ata kabla halijamwagwa. Punje kavu hulia kwenye jino. Mbichi hupondeka kimya. Walinichagua kwa sababu nina mdomo mkali na simwogopi mtu, ndivyo walivyosema, nami kichwa kikanivimba.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeachika, nimepanga chumba Lipangalala, nakaanga samaki wa mtoni, wa pale Kivukoni, na kuwauza stesheni ya reli. Binti yangu alikuwa darasa la saba, na mwalimu wake alikuwa amenihakikishia kwamba huyu atachaguliwa. Miaka ile kuchaguliwa sekondari ya serikali ilikuwa bahati ya watoto wachache. Niliapa kwamba mpunga wangu ndio utakaomnunulia godoro, sanduku, sare na nauli. Sikuwa na kingine.

Mwezi wa tatu tulishona vitenge vya sare tukaandamana siku ya wanawake, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka. Mwezi wa tano mume wa jirani yangu akafa. Jirani huyo alikuwa mwenzangu wa chamani, tena tulitumia ua mmoja. Chama kizima kilihamia msibani kupika, na mpunga wake, uliokuwa umeshakatwa, ukabaki shambani kwenye mvua za mwisho huku yeye amekaa mkekani. Tulipokwenda kumsaidia kupura, tuliuanika siku mbili tu, kwa sababu siku ya kuingiza ghalani ilikuwa imeshapangwa.

Siku hiyo akina mama wakasema mfiwa atangulie. Ndiyo heshima yetu, mfiwa hapangi foleni. Akaja na nguo zake za msiba, magunia yake manane yakashushwa. Nikang'ata. Punje ikapondeka kama wali. Nikang'ata ya gunia la pili, vilevile. Wenzangu wote walikuwa wananitazama, naye amesimama ameangalia chini. Nikatema makapi, nikasema, "Mkavu. Mwageni."

Ukamwagwa wa kwanza, chini kabisa, na wetu wote ukaja juu yake. Msinisumbue na ile methali ya samaki mmoja akioza. Nimeshajisomea mwenyewe mara nyingi.

Mwezi wa nane niliingia ghalani na mwenyekiti kukagua. Juu lundo lilikuwa zuri tu. Nikazamisha mkono mpaka kwapani, nikakuta joto, kama la tumbo la mtoto mwenye homa. Ningesema siku ile, tungeutoa juani na kuokoa mwingi. Lakini kusema kulikuwa kumwumbua mfiwa, na zaidi kujiumbua mimi. Mwenyekiti akaniuliza vipi. Nikamwambia uko salama, ila tutafute dawa ya panya. Tukanunua dawa ya panya.

Mambo ya chama yaliendelea. Tulipika kwenye harusi, tukampokea mgeni wa wilayani aliyetusifu kwa umoja wetu, tukafundishwa kutengeneza sabuni, nayo ikakataa kuganda. Nilicheka na wenzangu, huku kila siku nikipita nyuma ya ghala kunusa. Mwezi wa kumi na moja harufu ya pombe iliyochacha ilikuwa inatoka chini ya mlango. Nilimwomba Mungu bila haya, nikimpangia kabisa la kufanya: aukaushe.

Desemba binti yangu akachaguliwa. Alikuja mbio na karatasi yenye orodha ya vitu vya kuripoti navyo, akaisoma yote kwa sauti mbele ya wapangaji. Nikampigia vigelegele. Sijui nilivitoa wapi.

Januari tukafungua. Chini ya tabaka la juu mpunga ulikuwa mweusi, umeshikana mabonge, mvuke unatoka. Ule tuliojaribu kuukoboa ulitoa mchele wa njano, uliokatikakatika, mchungu. Wanunuzi kutoka Dar es Salaam walitafuna punje mbili, wakatema, wakaondoka bila hata kubishana bei. Tuliishia kuwaachia wapika pombe na wafuga kuku kwa bei ya kutia aibu. Kikao kikaamua kwamba bati lilivuja. Wakaniuliza mimi mpimaji. Nikasema ndiyo, ni bati. Mwenyekiti alikaa chini vumbini na kitenge chake cha sare, akalia mbele yetu sote.

Nilikwenda kwa kaka yangu, kwa mwenye nyumba, hata kwa aliyekuwa mume wangu. Kila mmoja alikuwa na shida zake. Nafasi ya shule ilingoja wiki mbili, kisha ikapewa mtoto mwingine.

Jioni moja jirani yangu alinikuta uani naparua samaki. Akaketi, akasema, "Dada, ule mpunga wangu nilijua haujakauka. Nilisimama pale nikingoja uukatae."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu angesemaje, na watu walikuwa wamemtanguliza kwa heshima. Hasira zikanipanda, nikatamani kumtupia sufuria. Kisha zikaniisha, maana kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake.

"Na mimi nilijua," nikamwambia. "Tangu punje ya kwanza."

Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, ananiletea chumvi. Sikumwona mpaka aliposogea. Aliliweka bakuli karibu na mkono wangu, taratibu, akasema, "Kumbe ulijua, mama."

Leo ana watoto wake, na amehakikisha wote wamesoma. Kila akija huniamkia shikamoo kwa adabu zote, ananiletea sukari na khanga. Lile neno hajalirudia hata mara moja. Mimi ndiye ninayelingoja, kila anapoketi.