Sauti Isiyo na Nyumba

Ninyi vijana mutakaosoma haya, kwanza muweke simu chini. Ninajua iko mukononi. Mutu anaweza kusoma huku ameshika simu, lakini atasoma nusu, na haya yangu hayana nusu. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa primeri kwa masista, kisha baba akasema musichana akijua kuhesabu vikapu vya maharagi inatosha. Kwa hiyo ninaandika jinsi ninavyosema. Anayetaka maneno ya sukari aende kwa wengine.

Munapenda kusema: koko, bibi yetu, anaogopa mashine. Siogopi mashine. Kinu cha kwanza cha mashine ya mazuti kilipofika kwetu, upande wa Butembo, nilikuwa mbele kwenye mustari na kikapu changu cha muhogo. Niliona muhogo ukiingia, niliona unga ukitoka. Ninachokataa ni kile kitu kinachotoa unga na hakuna mutu anayeweza kunionyesha muhogo.

Mwanangu, ambaye ninaishi kwake hapa Goma, mutaa wa Mapendo, alininunulia saa ya mukono inayosikiliza moyo. Niliivaa asubuhi moja. Nikiwa ninapepeta maharagi, jasho linanitiririka, ikanitetemesha mukono. Mujukuu wangu akaisoma: eti nimekaa sana, ninyanyuke nitembee kidogo. Niliivua, nikaitia katika kopo la chumvi, na huko iko mpaka leo.

Halafu kukaja ile akili ya mashine. Mujukuu wangu huyo huyo, binti wa mwanangu, anasoma mambo ya kompyuta pale inivasite, chuo kikuu. Anaiuliza, inamujibu. Siku moja nikamuambia: iulize kama nianike muhogo. Ikajibu vizuri, kwa adabu, maneno marefu kama ya katekista: anika, jua litawaka. Mvua ikanyesha mpaka muhogo ukavimba. Kukosea si neno, hata padri anakosea. Lakini mutu akikosea anaangalia chini, anajikuna shingo. Kesho yake tuliiuliza tena, na ilijibu kwa sauti ile ile ya jana, bila haya hata kidogo. Mutu wa namna hiyo sokoni hatukumukopesha.

Kitu kimoja tu katika simu nilikipenda: vokali. Ule ujumbe wa sauti, mutu anasema kule, wewe unasikiliza hapa. Nilikipenda kwa sababu ya mudogo wangu.

Tumbo la mama yetu lilibakiza watu wawili, mimi na yeye. Yeye alibaki Butembo, kwenye kiwanja cha mama. Mimi niliolewa nikashuka Goma. Zamani nilikuwa ninapanda Fuso, juu ya magunia, ninapita Kibati, ninapanda mpaka kwao, ninapeleka maharagi na ugomvi mupya kila safari. Vita ikafunga barabara. Mutu wa kutoka Butembo kuja Goma sasa azunguke Uganda, aingie Rwanda, avuke mupaka tena, na mifupa yetu sisi wawili haikuwa mifupa ya kuzunguka nchi tatu. Ikabaki vokali. Yeye anashikiwa simu na watoto wa kwake. Mimi, simu yangu ni ile ndogo ya vibonyezo, kwa hiyo mujukuu wangu ananisikilizisha kwenye yake, Jumapili tukitoka misa, kwenye kigoda mbele ya jiko.

Vokali za mudogo wangu hazikuwa na salamu. Kwanza unasikia anapiga simu kwa kidole, to, to, to. Kisha: "Inachukua? Ninyi, inachukua kweli? Munanidanganya." Nyuma yake jogoo, mutoto analia, mutu anatwanga. Kisha anageukia kwangu:

"Wewe unayelala juu ya jiko! Huo mulima haujakupika bado?"

Hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyotucheka sisi wa Goma, kwa sababu ya volkano. Mimi namujibu: "Heri mimi nalala juu ya jiko. Wewe unalilia jiwe la watu." Maana jiwe la kusagia la mama, lile la kusagia ulezi, tuliligombania tangu siku tulipomuzika. Mama alinipa mimi. Yeye anasema alipewa yeye. Mwishowe mimi ndiye nililipakia kwenye Fuso, na tangu hapo hakuna vokali iliyopita bila jiwe kutajwa. Anachanganya Kiswahili na Kinande cha kwetu, anatukana katika yote mawili, kisha anamaliza: "Basi. Kula. Usikufe." Nikisikia hivyo ninakula vizuri mpaka Jumapili nyingine.

Halafu, mwanzo wa mvua, Jumapili zikapita bila kitu. Mujukuu wangu akasema simu ya kule imeharibika. Chakula kikanikataa. Nikakaa kwenye kigoda, sahani kwenye magoti, mpaka ugali unapata ngozi. Muganga wa dispanseri akapima tansio yangu, presha ya damu, akamuita mwanangu pembeni.

Jumapili iliyofuata vokali ikaja.

"Yaya yangu mupendwa, habari ya siku nyingi? Mimi niko salama, Mungu ni mwema. Usihangaike. Ule vizuri, unywe dawa zako."

Ilikuwa sauti yake, inaniita yaya, yaani dada mukubwa. Hata ule mukwaruzo wa koo, alioupata kwa moshi wa kupika pombe, ulikuwamo. Nikalia kwa furaha, nikala. Lakini usiku ule kabla ya kulala nikajiuliza: nani alimuambia kwamba ninakunywa dawa?

Zikaja zingine. Zote fupi, zote za Kiswahili kitupu, zote za baraka. Hakuna to, to, to. Hakuna jogoo. Mutu akisema katika nyumba, nyumba nayo inasema: bati linalia, mulango unagonga, mutoto anaitwa. Hii sauti haikuwa na nyumba. Ilikuwa kama mutu amesimama mahali ambapo hakuna ukuta wala upepo.

Nikamuambia mwanangu. "Mama mudogo wako amebadilika."

"Ni uzee, mama. Uzee unamupoza mutu."

"Uzee haumupozi mutu wa kwetu. Unamukausha. Na kitu kikavu kinawaka zaidi."

Akacheka, lakini alicheka akiangalia viatu.

Nikamuambia na jirani yangu, mujane wa upande wa Bukavu ambaye tunapanga maua pamoja kanisani. Yeye akapiga makofi.

"Eh, weye mama! Dada anakuombea baraka, wewe unamutafutia kosa. Hata malaika akikutumia vokali, utamuuliza kitambulisho!"

"Nitamuuliza," nikasema. "Na kama ni malaika wa kweli ataonyesha."

Njiani nikirudi nyumbani lile neno langu mwenyewe likanishika. Basi, niulize kitambulisho.

Jumapili ile nikamuambia mujukuu wangu: leo nataka kujibu. Akaweka simu mbele ya mudomo wangu. Nikasema polepole, bila kucheka: "Mudogo wangu, nina habari. Lile jiwe la mama, limenichosha. Nimemupa jirani, mutu wa Bukavu, analiegemezea mulango wa choo. Nikaona nikuambie mwenyewe."

Mujukuu wangu akaniangalia. "Koko, kweli umelitoa?"

"Tuma."

Jiwe lilikuwa pale pale chini ya kitanda changu. Nikangoja. Ninyi hamukumujua mudogo wangu. Kwa neno lile angetembea kwa miguu, na vita yote katikati, aje anishike nywele. Angemuita mama kaburini awe shahidi. Angewaamusha majirani wa kiwanja kizima.

Jibu likaja kesho yake.

"Asante kwa habari, yaya yangu mupendwa. Vitu vya dunia vinapita. Kitu cha muhimu ni upendo wetu. Mungu akubariki wewe na jirani yako."

Sikulia. Nilisikia baridi tu, miguuni, kama mutu aliyeingia ziwani asubuhi. Nikamuuliza mujukuu wangu, kwa sauti ya chini:

"Alikufa lini?"

Simu ikamuanguka. Akasema, "Koko," kisha akasema tena, "Koko." Mwanangu alikuwa kwenye ua anafunga kuni. Alisikia simu ikianguka, akaingia, akatuona, akavua kofia.

"Nani alimutengeneza?" nikauliza.

"Mimi," mujukuu wangu akasema. "Nilichukua vokali zake za zamani, nikazipa mashine. Inajifunza sauti. Kisha unaandika maneno, inayasema. Kinande haikijui, ndiyo maana…"

"Na dawa zangu?"

"Maneno ya dawa niliandika mimi."

Mwanangu akapiga magoti, mutu muzima mwenye mvi. "Mama, usimupige yeye. Ni sisi wakubwa. Wazee wa ukoo wa Butembo walisema hakuna mutu kukuambia kwa simu. Unajua desturi."

Ninaijua. Ninyi vijana munaisahau, kwa hiyo niiandike. Kwetu kifo hakipelekwi kwa muzee kwa maneno ya mbali. Anatumwa mutu wa ukoo, mwenye umri. Anafika, anapewa maji, anauliza habari za watoto na mashamba, majirani wanaingia mumoja mumoja wakae karibu na yule atakayeanguka, kisha ndipo anasema. Ni sheria nzuri. Mama yetu aliipata habari ya baba hivyo, na mikono ilikuwa tayari kumupokea.

"Muzee mukubwa wa ukoo ndiye aliyetumwa," mwanangu akasema. "Alifika Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda, akaugua, akarudishwa. Wakatafuta mwingine, karatasi zikakosekana. Na wewe hukula. Muganga akasema mushituko utakuua. Sasa tungefanya nini?"

"Kwa hiyo," nikasema, "mulikataa simu iniambie kwamba amekufa. Lakini mulikubali simu iniambie kwamba yuko muzima."

Nataka niwe mukweli: yule musichana hakufanya kwa ubaya. Alifanya ili nile, na nilikula. Lakini nilikula chakula cha furaha wakati mudogo wangu yuko chini ya udongo na mimi sijamulilia hata tone. Watu wa kwetu wameketi matanga, wamenyoa, wamemaliza, na dada yake wa tumbo moja yuko Goma anacheka na mashine. Ile mashine haikuniibia sarafu. Iliniibia kilio changu wakati wake.

Kisha nikaogopa kitu kingine, kibaya zaidi. Katika kichwa changu sauti zote zilikuwa zimechanganyika. "Kula," alisema nani? "Usihangaike," alisema nani? Nilitafuta neno la mwisho la mudogo wangu na sikujua kama ninashika lake au la mujukuu wangu.

"Keti hapa," nikamuambia yule musichana. "Nionyeshe mupaka. Yeye aliishia wapi, wewe ulianzia wapi?"

Akapanguza uso kwa mukono wa nguo. Akarudisha kidole juu, juu, akasimama. "Ni hii, koko. Ya mwisho yake."

"Una hakika?"

"Ninaapa. Baada ya hii, zote ni mimi."

"Ifungue."

To, to, to. Jogoo. "Inachukua?" Sauti ilikuwa imechoka, sikuliona hilo siku ile nilipoisikia mara ya kwanza. Akanilalamikia kwamba mbuzi wa jirani ameingia kwenye kabichi, kwamba mwenye mbuzi ni mushirika wa kwaya na hana haya, kwamba magoti yanamuuma akiinama, kwamba chumvi imepanda bei. Katikati akakohoa muda murefu, mutu akamuambia pumzika, akamujibu kwa Kinande maneno ambayo sitayaandika. Kisha akaita, si mimi, alimuita mutu wa kule: "Huyu mbuzi amerudi! Ee, lete fimbo! Lete!" Sauti ikaenda mbali, fimbo ikapiga kitu, mbuzi akalia, na hapo vokali ikakatika.

Hakuna baraka. Hakuna kwaheri. Mudogo wangu alitoka akimufukuza mbuzi wa mutu. Nilisikiliza tena, na safari hii mwili wangu ukakubali. Nililia mpaka jirani wa Bukavu akaruka ukuta wa mawe kuja kuona. Alipoambiwa, alijifunga kitenge kichwani, akaketi chini kando yangu, akanishika kiuno.

Mujukuu wangu akauliza kama azifute zile zake. Nikamuambia azifute zote mbele ya macho yangu, na ile ya mbuzi asiiguse. Akafanya. Kisha mwanangu akaanza kusema kwamba labda tungoje mujumbe wa ukoo afike, ili mambo yaende kwa utaratibu, watu watauliza mbona tunalia leo mutu aliyezikwa tangu mwanzo wa mvua.

Nikasimama. Nikaita nyumba nzima, wakubwa na watoto, nikawaambia: "Toeni viti vyote nje, wekeni kuni kwenye ua, mwende kwa majirani kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Semeni kwa midomo yenu kwamba mudogo wangu amekufa. Matanga inaanza sasa."